Osileta ya mawimbi mafupi inapogoma: dalili, visababishi na marekebisho

Osileta ni saketi inayozalisha mawimbi ya redio yenyewe. Iliyo mbovu ikifika mezani kwa fundi, mara nyingi transista imeshabadilishwa mara mbili na hakuna kilichopimwa. Transista ndiyo spea rahisi kupata, basi ndiyo inayobeba lawama. Lakini kwenye saketi inayokula miliampu mbili tatu, transista hufa kwa nadra. Inayosumbua ni koili, aina ya kapasita, umeme unaoingia, na kwa tunaokaa Tanga, unyevu wenye chumvi unaolala juu ya bodi. Chini ya kila dalili hapa, kisababishi kinachoonekana zaidi kimetangulia. Usiruke hatua rahisi kwa kuwa ni rahisi.

Saketi ya mfano

Namba zote hapa chini zinahusu osileta ya Colpitts ya 7.1 MHz, ndani ya bendi ya mita 40 ya redio za ridhaa, ambayo kwetu Afrika ni 7.000 hadi 7.200 MHz. Transista ni 2N3904; miguu yake mitatu ni kolekta, besi na emita. Kolekta imeungwa kwenye volti 8 kutoka regyuleta 78L08, na kapasita ya 100 nF inatoka kolekta kwenda chasi (njia ya pamoja ya upande hasi), karibu kabisa na mguu wa transista. Besi inapata umeme kupitia rezista mbili za kiloohmu 10, moja kutoka juu na moja kwenda chasi. Emita ina rezista ya kiloohmu 1.5 kwenda chasi. Kati ya besi na emita kuna 470 pF, na kati ya emita na chasi 470 pF nyingine. Hizo mbili ndizo zinazotoa mrejesho, yaani kurudisha sehemu ya mawimbi ili yaendelee. Koili ya 2.5 µH imeungwa chasi upande mmoja, na upande wa pili inafika besi kupitia 100 pF. Sambamba na koili kuna 100 pF na trimma (kapasita ndogo ya kuzungusha) inayofika 50 pF.

Hesabu ni fupi. Gawanya 159.15 kwa masafa ya MHz, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Kwa 7.1 MHz unapata kama 502, na hiyo lazima iwe zao la koili kwa µH na kapasita kwa pF. Kwa koili ya 2.5 unahitaji karibu 200 pF: mia moja ya moja kwa moja, kama sabini kutoka ile 100 iliyofuatana na 470 mbili, na zilizobaki zinatoka kwenye trimma na waya wenyewe.

Koili ni mizunguko 25 kwenye ringi ya njano ya unga wa chuma, T50-6, waya wa shaba wenye vanishi wa 0.4 au 0.5 mm, urefu nusu mita. Kila waya unapopita ndani ya tundu ni mzunguko mmoja, hata ule wa kwanza ulioingia moja kwa moja. Waya wenyewe waombe wanaosuka mota Ngamiani, hapa Tanga. Kipande kifupi hivyo kwao ni takataka. Ukikosa ringi, suka mizunguko 11 iliyobanana ya waya wa 0.8 mm juu ya bomba la PVC la milimita 20 la kupitishia waya za umeme. Utapata kama 2.7 µH, ya kutosha kuanzia.

Dalili ya kwanza: kimya kabisa

Hakikisha kwanza kwamba ni kimya kweli. Ncha ya mita ikigusa besi huongeza pikofaradi na kuua mawimbi, halafu mtu anasema osileta haifanyi kazi wakati yeye ndiye aliyeizima. Pima kwenye emita, na kwenye ncha ya mita ulehemu rezista ya kiloohmu 10. Ukiwa umeshikilia hapo, ziba, yaani unganisha, ncha mbili za koili kwa bisibisi. Volti ya emita ikisogea, hata kwa moja ya kumi ya volti, osileta ilikuwa inafanya kazi na umeisimamisha. Isiposogea, haikuwa ikifanya kazi.

Njia ya pili ni redio ya mawimbi mafupi. Iweke nusu mita kando, antena imekunjwa, uitafute 7.1 MHz. Wimbi lisilo na sauti halilii, bali lile vumi la redio hunyamaza ghafla. Angalizo: kwenye redio za kawaida zenye masafa ya kati ya 455 kHz, wimbi hilohilo hujitokeza tena mshale ukiwa karibu na 6.19 MHz, yaani 910 kHz chini. Wengi wamesuka koili upya kwa sababu ya kivuli hicho. Lenye nguvu zaidi ndilo la kweli.

Ikithibitika kwamba ni kimya, fuata mpangilio huu:

1. Miguu ya transista. Ukiangalia uso bapa, miguu ikiwa chini, 2N3904 na S9018 ni emita, besi, kolekta kutoka kushoto. BC547 ni kinyume chake: kolekta, besi, emita. C945 na C1815 zilizotolewa kwenye redio za Kijapani ni emita, kolekta, besi. Hili peke yake linaongoza orodha.

2. Namba za kapasita. Iliyoandikwa 100 ni 10 pF, si 100 pF. Unayoitaka imeandikwa 101. Ya 470 pF imeandikwa 471. Iliyoandikwa 470 ni 47 pF, na ukiiweka kwenye mrejesho hesabu yote imeharibika.

3. Vanishi haikukwanguliwa. Waya wa koili unaweza kuonekana umeshika risasi kumbe umezungukwa tu. Pima ohmu kati ya pointi mbili za bodi, si kati ya miguu ya koili. Inatakiwa karibu sifuri.

4. Umeme. Osileta ikiwa imezibwa kwa bisibisi, kolekta iwe volti 8, besi karibu 3.9, emita 3.2 au 3.3. Besi ikiwa 3.9 na emita sifuri, njia ya besi na emita imekatika au miguu imegeuka. Emita ikiwa karibu volti 8, transista ina shoti. Sasa ndipo ibadilishwe.

5. Ringi isiyo yenyewe. Hapa watu wanapotea sana. Ringi za njano zinazotolewa kwenye pawa saplai za kompyuta zina uso mmoja mweupe. Hizo ni aina ya 26, si ya 6. Zimetengenezwa kwa masafa ya chini na kwenye 7 MHz hula nguvu yote ya mawimbi. Mizunguko ileile pia inatoa µH nyingi mno. Ringi nyeusi au kijivu za chaja za simu nazo usizijaribu hapa.

Ikiwa yote yako sawa na bado kimya, angalia urefu wa waya. Saketi iliyotandazwa kwenye bodi ya kuchomeka, miguu ya sentimita tatu tatu, inaweza kukubali kwenye 1 MHz ikakataa kwenye 7. Jenga juu ya kipande cha bodi chenye shaba, shaba yenyewe ikiwa chasi, miguu isizidi sentimita moja.

Dalili ya pili: inaanza ikitaka, au mpaka uiguse

Ukigusa kwa kidole ndipo inaamka, au inaamka asubuhi na kugoma mchana: mrejesho uko ukingoni. Kisababishi cha kwanza ni kiungo cha risasi kilichopoa vibaya, kile chenye rangi ya kijivu na mikunjo. Pasha viungo vyote upya kabla ya kufikiria zaidi. Cha pili ni trimma yenye kutu ya kijani kwenye kidude kinachozunguka. Izungushe mara kadhaa kutoka mwanzo hadi mwisho ukisikiliza, ikikwaruza itupe.

Cha tatu ni betri iliyochoka. 78L08 inahitaji angalau volti 10 mlangoni ili itoe 8 kamili. Mwisho ndiyo transista dhaifu. Kwa 7 MHz karibu kila transista ndogo inatosha, ila ukipanda kuelekea 100 MHz C1815 inaanza kuchoka wakati S9018 bado inatamba.

Dalili ya tatu: masafa yanahama

Kwa Pwani yote hili ndilo lalamiko kuu, na ndilo linalostahili muda wako. Washa osileta, iache, andika masafa kila dakika 5 kwa nusu saa. Ikihama dakika 10 hadi 15 za mwanzo kisha ikatulia, hiyo ni kupata moto kwa kawaida. Ikiendelea kuhama bila kutulia, au ikiruka ghafla, kuna jambo.

Anza na kapasita. Zile diski za kahawia za bei rahisi zinafaa kupitisha umeme mbovu chasi, hazifai kuamua masafa. Kila kapasita inayogusa koili, pamoja na 470 mbili za mrejesho, iwe aina ya NP0, ambayo pia huandikwa C0G. Diski nyingi za aina hii zina mstari mweusi kichwani. Hizo hubadilika kwa si zaidi ya sehemu 30 katika milioni kwa kila nyuzi moja. Kapasita ya X7R inaruhusiwa kupotea hadi asilimia 15 katika upana wake wote wa joto. Kapasita moja tu ya namna hiyo, hata ikiwa ndogo, inatosha kuharibu kazi ya nyingine zote.

Baada ya hapo, ringi. Ya njano ya T50-6 hubadilika sehemu 35 katika milioni kwa nyuzi moja, nyekundu ya T50-2 hubadilika 95. Masafa hufuata nusu ya hapo. Kwa 7.1 MHz ni kama hezi 124 kwa nyuzi moja kwenye ya njano, na 337 kwenye nyekundu. Chumba chenye paa la bati kikipanda nyuzi 8 kati ya asubuhi na saa nane mchana, ya njano itakuwa imehama karibu 1 kHz, nyekundu 2.7 kHz, yaani upana wa mazungumzo mazima ya SSB (njia ya kurusha sauti ya redio za ridhaa). Nyekundu ina sifa zake kwenye vichujio. Kwenye osileta ya kuzungusha masafa iache.

Ukishasuka koili, ichemshe kwenye maji dakika chache, iache ipoe polepole, ikauke kabisa. Waya uliovutwa una mkazo, na mkazo huo ukilegea siku kwa siku masafa yanasogea. Kisha ishike kwa nta ya nyuki au tone chache za rangi ya kucha ile isiyo na rangi. Gundi ya moto ya bunduki usiitumie hapa, kwa kuwa inalainika.

Unyevu una tabia yake. Uhamaji wa joto una mwendo mmoja; wa unyevu unakuja usiku, au upepo wa kusi ukivuma toka baharini, na masafa huyumbayumba bila mpango. Ukiwa Raskazone au popote karibu na maji, chumvi hutua juu ya mabaki ya flaksi (dawa ya kulehemu), inavuta unyevu, na bodi inaanza kupitisha umeme pale isipotakiwa. Piga mswaki laini kwa spiriti safi, pande zote mbili, mara mbili, kisha anika juani saa moja. Bodi za kahawia za karatasi zinanyonya maji zenyewe. Ukiweza tumia za kijani za nyuzi za kioo. Baada ya kukauka, funika viungo kwa vanishi nyembamba, lakini trimma usiipake.

Ukitaka kujua ni kipande gani kinachohamisha masafa, leta pasi ya kulehemu sentimita moja karibu na kila kipande kwa sekunde 5 bila kugusa, ukisubiri kitulie kabla ya kwenda kingine. Kinachoruka zaidi ndicho. Mwisho kabisa, weka saketi ndani ya kisanduku cha bati kilichofungwa. Kopo la maziwa lililolehemiwa chasi linatosha kabisa, na linazuia upepo wa feni, ambao ni mkosaji anayesahaulika.

Dalili ya nne: mvumo wa umeme kwenye wimbi

Jaribio la kwanza ni moja: ondoa adapta, tumia betri ya pikipiki ya volti 12. Mvumo ukiisha, tatizo liko kwenye umeme. Chaja za simu na chaja nyingi za sola hukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde na hazifai hapa. Pawa saplai ya transfoma yenye kapasita ya 2200 µF kabla ya regyuleta inatulia zaidi.

Upo mvumo mwingine wa ujanja: unasikika kwenye wimbi lako tu, na nguvu yake hubadilika ukizungusha masafa. Mawimbi ya osileta yanatoka nje, yanafika kwenye dayodi za pawa saplai, yanakatwakatwa mara 100 kwa sekunde, kisha yanarudi kwenye risiva. Lehemu kapasita ya 10 nF sambamba na kila moja ya dayodi nne za upande wa volti ndogo, na zungusha waya wa umeme mara 8 hadi 10 kwenye ringi nyeusi ya feraiti. Hapo ndipo ringi za feraiti zina kazi.

Dalili ya tano: masafa yanaruka unapobonyeza

Ukibonyeza ufunguo wa Morse sauti inateleza kama filimbi. Pima volti ya 78L08 wakati wa kubonyeza. Ikishuka, hatua ya nguvu (kikuzaji cha kurushia) inanyonya betri; tumia waya mnene na betri iliyojaa. Isiposhuka, osileta inavutwa na hatua inayofuata. Weka transista ya pili kama bafa, yaani kitenganishi kati ya hizo mbili, ukichukua wimbi kutoka emita kupitia kapasita ndogo ya 10 hadi 22 pF, si ya 1 nF. Hatua ya nguvu iwe mbali, na bati katikati.

Dalili ya sita: mawimbi mengi mahali pa moja

Redio inakuta wimbi lako kila baada ya kilohezi kadhaa, kila moja likiwa na mlio mkavu. Osileta inaanza, inajizima, inaanza tena, maelfu ya mara kwa sekunde. Mrejesho umezidi. Badilisha 470 mbili ziwe 680 au 1000 pF, au pandisha rezista ya emita hadi kiloohmu 2.2. Kama uliweka kapasita kubwa, mfano 10 nF, kati ya koili na besi, irudishe 100 pF. Hiyo ndiyo inayojaa na kuifunga transista. Ukibadilisha 470, masafa yatasogea kidogo, trimma itarudisha.

Kristali isiyofuata namba yake

Kristali iliyosogea kilohezi moja mbili imewekewa pF zisizo zake, basi. Iliyokosea kwa mbali ni jambo jingine: ile ya 27.145 MHz kutoka kwenye magari ya kuchezea imetengenezwa kupiga mara tatu, na kwenye saketi ya kawaida hutoa karibu 9.05 MHz. Haijaharibika. Inahitaji saketi yenye koili iliyopangiwa 27 MHz. Ya 4.4336 MHz kutoka kwenye televisheni za zamani ni kipimo kizuri cha kukagua mshale wa redio: itafute pia mara mbili yake, 8.867 MHz.

Upande wa kupokea: redio kuu kuu

Redio inavuma lakini haishiki stesheni, au inashika juu ya bendi na kufa chini. Ili kujua kama osileta yake iko hai, iweke kwenye 1000 kHz ya AM, na redio nyingine kando iweke 1455 kHz. Zungusha ya kwanza kidogo. Ya pili ikilia mluzi au ikinyamaza, osileta iko hai na ugonjwa uko kwingine. Ikifa upande wa chini tu, angalia betri, kisha kapasita ya kuzungusha: vumbi na kutu kwenye kijiti cha kati kinachoshika chasi. Koili ya osileta ndiyo yenye kichwa chekundu. Waya wake mwembamba hukatika mguuni, na hapo unaweza kuulehemu tena kwa subira na kioo cha kukuzia. Msumari wa koili, yaani kiini chake kinachozungushwa, usiuguse kabla ya kujua kosa. Redio iliyochezewa misumari yote ni kazi ya siku nzima.

Pa kusimama

Osileta pekee ya volti 8 haitakudhuru. Hatari huanza inapounganishwa na vingine.

Ndani ya pawa saplai inayoungwa moja kwa moja kwenye 230 V kuna kapasita inayobaki na volti kama 325 hata baada ya kuchomoa. Kama hujui kuimwaga, funga kifuniko. Kikuzaji cha taa za kioo (vali) ni zaidi ya hapo. Mpelekee fundi aliyefundishwa kazi hiyo.

Usiunge antena wakati wa majaribio. Mahali pake tumia mzigo wa ohmu 50: rezista mbili za kaboni za ohmu 100, wati 2 kila moja, sambamba. Zile za waya uliozungushwa zina koili ndani, hazifai. Kurusha hewani kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na Tanga kuna bandari na uwanja wa ndege. Meli husikiliza 156.8 MHz, ndege hutumia 118 hadi 137 MHz, na 121.5 MHz ni ya dharura. Kirushio kidogo cha FM kikiteleza juu ya 108 MHz kinaingia kwenye masikio ya rubani. Ukiona hatua ya nguvu inapata moto bila wewe kubonyeza, au redio zote nyumbani zinavuma kwa pamoja, kata umeme mara moja: imekuwa osileta yenyewe, na hujui iko masafa gani. Hapo tafuta mtu mwenye kipimo cha spektramu kabla ya kuiwasha tena.

Masika na vuli, antena ya nje ikatwe kwenye mashine na iungwe ethi wingu likianza kukusanyika. Radi ikishaanza kupiga, usiende kuishika.